Gari Likitetemeka, Funga Pochi Kwanza

Haya, leo nina hasira na nitazimwaga hapa hapa. Kama hupendi habari za grisi na spana, vumilia tu uendelee kusoma, maana hii si habari ya magari peke yake. Ni habari ya pesa zetu, na ya ugonjwa mmoja tulio nao wengi wetu tuliokwenda shule: tunanunua majibu kabla hatujauliza swali.

Mama yangu ana pikapu. Datsun 1200, ile ndogo ambayo Wajapani walianza kuitoa mwaka 1971 na huko kwao wakaipachika jina la utani la "Sanitora". Waliitengeneza mpaka 1994. Afrika Kusini waliendelea nayo kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008. Ya kwetu aliinunua marehemu baba mwaka 1979. Mimi nilitoka wodi ya wazazi nikiwa nimepakatwa ndani ya gari hilo. Leo linabeba pumba, mashudu na trei za mayai kutoka Kibaha kuja Dar. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye bodi ya pikapu hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "lile skrepa lenu", tunaanza kugombana hapo hapo.

Mwaka jana likaanza kutetemeka. Siyo mchezo. Ukiliwasha likae kwenye sailensa, mkono wa gia unacheza kama mtu mwenye baridi, kioo cha pembeni huoni kitu, na trei za mayai nyuma zinagonganeana kwa kelele. Ukikanyaga mafuta kidogo, linatulia. Ukiachia, linaanza upya. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, gari la baba yako linaumwa."

Nikasema mama usijali, niko hapa. Msomi wa familia. Mtu wa mjini.

Sasa sikilizeni hesabu.

Fundi wa kwanza hakukaa hata dakika mbili chini ya boneti. "Plagi hizo, kaka." Plagi nne, 40,000. Linatetemeka. Fundi wa pili akasema koili, 60,000. Linatetemeka. Huyo huyo akabadili mawazo, akasema kabureta, tena anayo "mpya" kwa mshikaji wake. 220,000. Linatetemeka, na sasa linakula mafuta zaidi. Fundi wa tatu akasema klachi pleti. Gia boksi ikashushwa, ikapandishwa, 260,000 pamoja na kazi. Linatetemeka!

Jumla: shilingi 580,000. Kwa mtu anayelipwa kwa stori kama mimi, hiyo ni miezi ya kula mihogo.

Fundi wa nne ndiye aliyemaliza kazi. Alisikiliza injini akiwa amesimama hatua tatu mbali, mikono mfukoni, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kuleta habari mbaya. "Injini imechoka, bosi. Hii tunaitoa, tunaweka nyingine ya mtumba." Milioni moja na laki nane. Na ile ya zamani? "Hiyo utaniachia mimi, wala haina thamani."

Nami, jamani, nikakubali. Nilishaanza kukopa kwa rafiki zangu.

Mama ndiye aliyekataa. Aliniuliza swali moja tu: "Huyo fundi amejuaje?"

Nikabaki mdomo wazi. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu, ile ninayolipwa kuifanya, ni kuwakalia watu kooni na swali hilo hilo: umejuaje? Nani kakwambia? Ulikuwepo? Waziri akisema jambo, nataka ushahidi. Fundi akisema "injini imechoka", natoa pochi.

HOMA SI MALARIA

Wote mliokulia nchi hii mnakumbuka enzi zile. Mtoto akichemka, anapewa dawa ya malaria. Hakuna kupima, hakuna kuuliza. Akipona, ilikuwa malaria. Asipopona, anaongezewa dozi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kwa nini? Kwa sababu homa si ugonjwa. Homa ni dalili. Magonjwa mia yanaleta homa moja.

Mtetemo wa injini ni homa. Basi. Haukwambii ni nini kimeharibika, unakwambia kuna kitu uende ukakitafute. Anayekwambia "linatetemeka, kwa hiyo ni plagi" ni sawa na yule anayekwambia "anachemka, kwa hiyo ni malaria". Anaweza kupatia. Hata saa iliyosimama inapatia mara mbili kwa siku.

Tena tuelewane jambo moja: injini ya silinda nne lazima itetemeke kidogo. Pistoni mbili zinapanda wakati mbili zinashuka, lakini hazifutani kabisa. Unabaki mtikisiko mdogo unaokuja mara mbili katika kila mzunguko wa kranki. Mwingereza Frederick Lanchester alibuni shafti za kusawazisha mtikisiko huo mwanzoni mwa karne ya 20, na miaka ya 1970 Mitsubishi wakaziingiza kwenye injini za magari ya kawaida. Injini ya Datsun yetu, inayoitwa A12, yenye ukubwa wa sisi 1,171, haina shafti hizo. Ina mauntingi za mpira tu, zinazomeza mtikisiko usifike kwenye bodi. Kwa hiyo swali si "kwa nini linatetemeka?" Swali ni "kwa nini linatetemeka ZAIDI ya jana?"

Mnaona tofauti? Swali la kwanza linakupeleka dukani. La pili linakupeleka kwenye kumbukumbu.

MZEE NA CHUPA YA MAJI

Jirani ya mama akatuelekeza kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, aliyestaafu na kubaki na kibanda kidogo uani kwake. Tukafika, shikamoo mzee, marahaba. Nikaanza kumwelezea: mzee, tumeshabadilisha plagi, koili, kabureta, klachi...

Akaninyamazisha kwa mkono. Hakunitazama mimi. Akamtazama mama. "Wewe ndiye unayeliendesha?"

"Ndiyo."

"Lilianza lini?"

Mama akajibu bila kufikiri hata kidogo: "Tangu walipochomea ekzosi. Nililipeleka asubuhi halitetemeki, nikalichukua jioni linatetemeka."

Jamani. JAMANI! Mafundi watatu walikula pesa zetu, wa nne alitaka kula injini nzima, na jibu lilikuwa limekaa kiti cha dereva muda wote huo. Hakuna aliyemuuliza. Mafundi walizungumza na mimi kwa sababu mimi ni mwanamume na ndiye mwenye pochi. Na mimi mwenyewe, mtoto wake, mwandishi, sikumuuliza shahidi pekee aliyekuwepo siku ya tukio. Ningemwandikia mhariri wangu habari ya namna hiyo angenitupia usoni.

Mzee angeweza kurukia jibu hapo hapo. Hakurukia. Alisema, "Hilo ni neno la shahidi, sasa tulithibitishe." Akaanza kazi, na ninaiandika hatua kwa hatua ili na wewe uwe nayo.

Kwanza: mtetemo unafuata nini? Unafuata mwendo wa injini au mwendo wa gari? Gari likiwa limesimama, gia nyutro, unakanyaga mafuta polepole. Kama mtetemo upo hapo, achana na matairi na propela shafti, maana hazizunguki. Kama haupo ukisimama bali unakuja barabarani, basi kwenye barabara tupu na tambarare fika ile spidi inayotetemesha, toa gia, acha gari lijiendee. Mtetemo ukibaki vile vile huku injini imeshatulia, injini haina kosa. Tairi dogo kama la pikapu ile, ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, linazunguka karibu mara 10 kwa sekunde, na propela shafti huzunguka mara kadhaa zaidi ya hapo. Tairi lisilobalansi au krosi ya shafti iliyolegea utaisikia vizuri sana. La kwetu lilitetemeka likiwa limesimama. Nusu ya gari ikafutwa kwenye orodha ya watuhumiwa, bila kufungua nati hata moja.

Pili: akakanyaga klachi. Kama mtetemo ungebadilika, basi tuangalie klachi na gia boksi. Haukubadilika. Jaribio la sekunde tano, gharama yake sifuri. Kumbukeni nililipa 260,000 kwa klachi.

Tatu: akazima, akatoa fenibelti, akawasha kwa muda mfupi sana. Muda mfupi, kwa sababu kwenye injini hiyo pampu ya maji na feni vinazungushwa na mkanda huo, na bila maji kuzunguka unaunguza injini. Kama mtetemo ungeisha, feni iliyovunjika bawa au beringi ya pampu ingekuwa ndiyo mwizi. Haukuisha. Mkanda ukarudi.

Nne: akaanza kuulizia silinda moja moja. Injini iko kwenye sailensa, anachomoa waya wa plagi ya kwanza kwa koleo lenye mpira, anauegemeza kwenye chuma ili umeme uwe na pa kwenda. Injini ikayumba, ikataka kuzima. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akarudisha. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, ikayumba. Ya nne... kimya. Hakuna kilichobadilika. Uwe na waya, usiwe na waya, mambo ni yale yale. Mgoro wetu amepatikana: silinda namba nne haifanyi kazi kwenye sailensa. Gari linapiga misi.

Ngoja nifafanue kidogo kwa nini silinda moja inatosha kutikisa gari zima. Kwenye sailensa injini inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, yaani mara 350 kwa dakika, karibu mara 6 kwa sekunde. Zote nne pamoja zinakupa mapigo zaidi ya 23 kwa sekunde, yamefuatana kiasi kwamba mwili wako unayapokea kama muungurumo. Moja ikinyamaza, kunatokea shimo karibu mara 6 kila sekunde. Hilo mwili hauliiti muungurumo tena. Unaliita kutetemeka.

Sasa silinda haifanyi kazi, kwa nini? Hapa ndipo wengi wanarudi dukani. Mzee hakurudi dukani. Silinda ya petroli inataka vitu vitatu: cheche, mgandamizo, na mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta. Basi unavipima kimoja kimoja.

Cheche: akachukua plagi ya nne akaiweka ya kwanza, na ya kwanza akaiweka ya nne. Hakununua kitu, alihamisha tu. Kama plagi ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehama nayo kwenda silinda ya kwanza. Haukuhama. Akahamisha na waya. Haukuhama. Cheche ikaachiwa huru.

Mgandamizo: akatoa plagi zote, akafunga geji, nikapiga stata. Silinda zote nne zilikaribiana. Akasema kama ya nne ingekuwa chini angetia kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Lakini hatukufika huko. Silinda zilikuwa nzima. Na hapo "injini imechoka" ya milioni moja na laki nane ikafa kifo cha asili, kwa geji ambayo fundi yeyote anaweza kuwa nayo kwenye boksi lake.

Ikabaki hewa na mafuta. Na sikilizeni mantiki yake: "Kabureta ni moja, silinda ni nne. Ingekuwa kabureta, kwa nini iadhibu namba nne tu?" Swali la darasa la tano! Nililipa 220,000 kwa kutolijua.

Akachukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kinyozi. Injini inawaka, anapuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Usipulize petroli kama wanavyofanya wengine, maana kwenye injini ile manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, na ekzosi ina moto. Akapuliza mbele, hakuna kitu. Akapuliza katikati, hakuna kitu. Akapuliza nyuma, karibu na silinda ya nne. Injini ikanyanyua shingo. Kwa sekunde mbili ikaimba kama zamani, maji yalipoziba ufa. Kisha ikarudi kutetemeka.

Mama akasema "Eee!" kwa sauti ambayo sikuisikia tangu baba afariki.

Natizi mbili za manifoldi zilikuwa zimelegea na gasketi imepasuka hapo hapo. Walipotoa ekzosi kwenda kuichomea, waliivuruga gasketi inayoshika manifoldi zote mbili, wakairudisha ile ile iliyokufa. Hewa ikawa inapenya kwenye silinda ya nne bila kupita kwenye kabureta. Kwenye sailensa, mlango wa kabureta umekaribia kufungwa, mvuto wa ndani ni mkali na hewa inayoingia kihalali ni ndogo, kwa hiyo ile ya wizi inaharibu kila kitu. Ukikanyaga mafuta mlango unafunguka, hewa halali inakuwa nyingi, ya wizi haionekani sana. Ndiyo maana gari lilikuwa linatulia ukikanyaga. Dalili ilikuwa inasema ukweli tangu siku ya kwanza, kwa lugha fasaha kabisa. Hatukuwa tunasikiliza.

Gasketi ikabadilishwa. Ukabaki mtetemo kidogo. Mzee akaangalia mauntingi: ya upande mmoja mpira wake umekatika, umelowa oili. Ikabadilishwa hiyo moja. Gari likatulia. Niliweka glasi ya maji juu ya boneti, kwa utani tu, ikakaa.

ELFU THELATHINI YA "KUANGALIA TU"

Sasa ndiyo nafika kwenye hasira yangu, na hasira yangu si kwa mafundi peke yao.

Hesabu ya mzee ilikuwa hivi: gasketi 25,000, mauntingi 35,000, kazi ya kufunga 30,000, na uchunguzi 30,000. Jumla 120,000.

Mnajua nilifanya nini? Nilibishana. Nililipa gasketi bila neno, nikalipa mauntingi bila neno. Ile 30,000 ya uchunguzi ndiyo iliyonikaa kooni. Nikasema, "Mzee, si umeangalia tu?"

Akanijibu taratibu, akifuta mikono: "Mwanangu, wale uliowalipa laki tano na themanini, wao walifanya nini?"

Mama akalipa yote, akanitazama jicho lile mnalolijua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi ndio tuliowatengeneza wale mafundi wanne. Fikirieni. Fundi anayetumia saa mbili kutafuta tatizo, akakuta ni natizi mbili, atakuomba ngapi? Akisema 30,000, utapiga kelele: kukaza nati tu! Utampa 5,000 na kumwambia "utakunywa soda". Lakini fundi anayekwambia kabureta imekufa, ambaye hajapima chochote, anapata pesa ya kazi na cha juu kutoka dukani, na wewe unaondoka na boksi mkononi ukijiona umepata kitu. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Halafu tunashangaa kwa nini gereji zimejaa chuma na akili zimeadimika!

Mtaniambia tatizo ni kwamba mafundi wetu hawajasoma. Acheni hizo. VETA ipo kwa sheria tangu 1994, na wapo wengi waliopita huko. Wapo pia waliofundishwa chini ya mwembe na wanaijua injini kuliko vitabu. Mzee yule hakutumia kifaa chochote cha ajabu: koleo, geji, chupa ya kinyozi na masikio. Kijana aliyesoma vizuri akiingia gereji leo atajifunza kwa wiki mbili tu kwamba kufikiri hakulipi, kubahatisha kunalipa. Nani kamfundisha? Mimi. Wewe. Sisi wenye digrii na simu kubwa, tunaoomba punguzo kwenye fikra za mtu na kulipa bei kamili ya spea.

Wengine mtaniambia, hayo ni ya magari ya kizamani, sisi tuna IST na Vitz, tunachomeka mashine inasoma. Sawa. Marekani ililazimisha mfumo huo wa OBD-II kwenye magari madogo yote mapya kuanzia modeli za mwaka 1996, na ni kitu kizuri sana. Lakini mashine inakwambia nini? Inakupa kodi, tuseme P0304: silinda ya nne inapiga misi. Basi! Haikwambii kama ni plagi, koili, nozeli, valvu au hewa inayovuja. Imekufikisha pale mzee alipofika kwa kuchomoa nyaya. Kutoka hapo bado unatakiwa kufikiri. Na wangapi mmesomewa kodi, mkauziwa koili siku hiyo hiyo, na taa ikarudi kuwaka wiki ijayo? Mashine ni shahidi, si hakimu. Tumepata kipimo cha malaria, na bado tunagawa dawa kwa macho.

Na wale wa "uzeni hilo skrepa mnunue gari la maana": mngekuwa na gari la maana lenye silinda moja isiyofanya kazi, mngepita njia ile ile, ila bei ingekuwa kubwa zaidi. Gari la zamani lina heri moja: kila kitu kiko wazi. Ukifungua boneti unaiona injini, siyo plastiki. Limenifundisha kufikiri kuliko semina zote za uandishi wa uchunguzi nilizokula chakula chake.

Kwa hiyo nasema hivi. Gari lako likitetemeka, funga pochi kwanza. Jiulize lilianza lini, na kabla halijaanza liliguswa na nani. Kama dereva ni mama yako, dada yako au kijana wa kuajiriwa, muulize yeye, maana yeye ndiye aliyekuwepo. Angalia mtetemo unafuata injini au unafuata mwendo. Fundi akikutajia spea, muulize lile swali la mama: umejuaje? Asipokuwa na jibu, ondoka. Akiwa na jibu, akakuonyesha kwa macho yako kitu kinahama au hakihami, kinabadilika au hakibadiliki, basi huyo ni fundi. Mlipe. Mlipe kwa muda wake wa kufikiri, usisubiri mpaka akuuzie kitu ndipo uone amefanya kazi.

Yule mzee sasa nimemwambia mama ampelekee trei ya mayai kila mwezi. Siyo sadaka. Ni deni langu la ile 30,000 niliyotaka kumdhulumu.

Na yule fundi wa nne, aliyesema injini haina thamani ila "utaniachia mimi"? Wiki iliyopita nilipita na pikapu mbele ya gereji yake, pole pole, sailensa imetulia kama paka aliyeshiba. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Kazi kwenu.